Bustani Isiyo na Mistari

Mgeni wa Pemba anayetoka Chake Chake kwenda Vitongoji kwa mara ya kwanza hupita Wawi, akasikia harufu ya mafuta ya makonyo ya karafuu ikitoka kiwandani, akatazama kulia na kushoto, kisha akausifu msitu. Mwenyeji aliyekaa naye garini hutabasamu tu. Mikarafuu, minazi, mifenesi, mishelisheli, migomba, yote hiyo ama imepandwa na mtu ama imeota yenyewe na mtu akaamua kuiacha. Aliyeamua alikuwa na sababu ya kutaka mti fulani ukae pale ulipo, usikae hatua tano chini yake. Mgeni ametafuta safu, hakuziona, akaona basi hakuna mpango.

Mpango upo. Tatizo ni mahali anapoutazamia. Kutoka barabarani, au kutoka angani kama tunavyotazama siku hizi kwa picha za satelaiti, shamba la Kipemba ni fujo la majani. Shuka hadi bondeni, simama kwenye tuta la mpunga, kisha inua macho taratibu kuelekea kileleni. Hapo mambo huanza kujipanga, tabaka juu ya tabaka. Shamba hili limebuniwa kwa kimo. Ukilichora kama ramani hupati kitu. Likate ubavuni kama mtu anavyolikata papai, ndipo utaona kila kitu kimekaa kwa zamu yake.

Vilima vya Pemba si virefu, hakuna kinachofika mita 150, ila ni vingi, vimebanana, na kila kimoja kina bonde lake. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,500 bila shida, na sehemu kubwa yake humwagika kwa pupa wakati wa masika, baina ya Machi na Mei. Maji mengi, mteremko mkali, udongo unaopenda kushuka: hayo ndiyo aliyokabidhiwa mkulima, na kila analolifanya analifanya ndani ya mipaka hiyo.

Anza na mkarafuu wenyewe. Ni mti wenye madeko. Unataka udongo wenye kina, unataka mvua ya kutosha, lakini mizizi yake haivumilii kusimama kwenye maji. Kwa hiyo bondeni haukai. Kileleni kabisa nako upepo huusumbua, na matawi yake ni mepesi kuvunjika, kama anavyojua kila mchumaji aliyewahi kuliamini tawi lisilostahili kuaminiwa. Mahali pake ni begani kwa kilima, pale maji yanapopita bila kulala. Juu yake, kwenye uwanja ulio sawa, hukaa kiambo: nyumba, makaburi ya wazee, mwembe mmoja mkubwa ambao hakuna anayekumbuka nani aliupanda, na mahali pa kuanikia. Chini ya mikarafuu, pale mteremko unapoanza kulegea na udongo ulioshushwa na mvua unapotua, ndipo penye migomba, mishelisheli na majimbi. Kisima kiko huko huko chini, mguuni mwa kilima, maana hapo maji hayako mbali. Halafu bonde, na mpunga.

Kila tabaka hulisha lililo chini yake. Majani ya mkarafuu huanguka, yakaoza, mvua ikashusha rutuba, mgomba ukadaka sehemu yake, kinachoponyoka kikaishia kwenye mpunga. Mkulima hakupeleka mbolea bondeni. Iliyopeleka ni mvua. Kazi yake yeye ilikuwa kuhakikisha kwamba mvua hiyo haishuki na kilima chote.

Nilianza kulitazama shamba letu kwa jicho hili baada ya kusoma habari za bustani za kale za Uajemi, ambazo kwa sura ni kinyume chake kabisa. Mwaka 2011 UNESCO iliziingiza tisa kati yake katika orodha ya urithi wa dunia. Ya kale kuliko zote iko Pasargadae, mji wa mfalme Koreshi wa karne ya 6 kabla ya Kristo, ambako mifereji ya mawe bado inaonekana ardhini. Za karibuni ni za zama za Qajar, karne ya 19. Nyingi ya hizo zina ukuta kuzunguka, mfereji mnyoofu katikati, na vitalu vya pembe nne kila upande. Mtu akiziona kwenye picha hudhani mfalme aliamka asubuhi akaamuru mraba uchorwe jangwani, na jangwa likatii.

Lakini uliza kwa nini mraba ule uko pale na haukuwekwa kilomita moja pembeni, na mlima ndio utakaokujibu. Bustani ya Fin, huko Kashan, iko pale ilipo kwa sababu chemchemi ya Suleimaniyeh inatoka mlimani nyuma yake. Chanzo kiko juu, bustani iko chini, na tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayoyarusha maji kwenye mabirika bila pampu yoyote. Kule Mahan, karibu na Kerman, bustani ya Shahzadeh ina urefu unaozidi mita 400 kidogo na upana wa kama mita 120, na imelazwa kwenye mteremko chini ya milima. Maji huingia kwa juu, yakashuka ngazi kwa ngazi katikati ya miti hadi langoni. Nje ya ukuta ni jangwa kavu. Ukivuka lango tu, uko kivulini. Ule mstari mnyoofu unaopendwa na wapiga picha ni njia fupi ya maji kuteremka. Fundi aliufuata, akaupamba, akaupandia misonobari na chenari ubavuni, lakini hakuubuni yeye.

Yazd ni mfano mkali zaidi. Mji huo hupata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka, na bado una bustani ya Dolatabad, ya karne ya 18, yenye mnara wa kunasa upepo wa mita 33 hivi. Maji yake yaliletwa kutoka milimani, mwendo wa makumi ya kilomita, kwa kanati: handaki linalochimbwa chini ya ardhi kwa mwinamo mdogo sana. Mwinamo ukizidi, maji yanakula handaki lenyewe. Ukipungua, yanasimama na tope linajaa. Wachimbaji waliupata mwinamo huo gizani, kwa taa na kamba, wakitoa mchanga juu kupitia visima vilivyopangwa safu jangwani. Nikiwaza ufundi huo naona haya kidogo kulalamika ninapopanda kilima cha kawaida kwa mguu.

Katika zote tisa, inayonifurahisha kuliko nyingine ni Abbasabad, karibu na Behshahr, upande wa Bahari ya Kaspi, iliyojengwa kwa amri ya Shah Abbas wa Kwanza mwanzoni mwa karne ya 17. Huko hakuna jangwa. Kuna mvua, kuna msitu, kuna vilima. Na tazama yaliyotokea: badala ya kiwanja kilichozungushiwa ukuta bondeni, tunakuta bwawa kubwa lililokingwa baina ya vilima, jengo la matofali katikati ya maji, na matabaka yanayopanda mlimani kuelekea msituni. Utamaduni ni ule ule, mfalme ni yule yule aliyeijenga Isfahan kwa mistari mirefu, lakini alipokabidhiwa ardhi yenye maji mengi, mraba ukalegezwa. Mtu wa Pemba akiitazama picha ya Abbasabad hapati shida kuielewa.

Na Uajemi si nchi ya mbali sana kwetu kama ramani inavyodai. Wapemba wengi hujiita Washirazi, na ubishi wa nani alitoka wapi siuingii leo. Waliokuja kulima karafuu kwa kiwango kikubwa, hata hivyo, walitoka Oman, nchi ya falaji, ambayo ni ndugu wa kanati. Falaji tano za huko ziliingia katika orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka 2006. Katika vijiji vya falaji maji hugawanywa kwa muda: mchana kwa kivuli, usiku kwa nyota, kila mwenye mitende akijua zamu yake inaanza lini na kwisha lini. Mfikirie mtu aliyelelewa kwa hesabu hiyo, akashuka chomboni Pemba katikati ya masika, akakuta maji yanapita mlangoni bila kuitwa, bila kupimwa, na bila mwenyewe.

Unguja waliweza kuyatunza mazoea yao kwa kiasi. Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Beit el Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi kijito cha Mtoni kilivyopita ndani ya jumba na kujaza mabirika kabla ya kuingia baharini. Ni wazo lile lile la Fin, kwa kipimo cha kijito cha pwani: kwanza tafuta maji yanayoshuka, kisha jenga nyumba njiani mwake. Kidichi, juu kwenye mashamba, Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, aliyekuwa wa ukoo wa Shah. Kuta zake za ndani zimenakshiwa kwa chokaa: maua, mitende, ndege. Waomani hawakuwa na desturi ya kuchonga ndege ukutani. Ule ni mkono wa Kiajemi. Ukisimama ndani yake unaona kwamba bustani ya Uajemi ilifika Zanzibar, ila iliingia ndani ya nyumba ikageuka chokaa. Nje ya mlango, minazi na mikarafuu iliendelea kufuata kilima.

Karafuu zenyewe zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya upande wa Mauritius, na jina linalotajwa zaidi ni la Saleh bin Haramil, aliyezipanda Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said akaona faida, akaamuru kwamba kwa kila mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Pemba ilikuwa nyuma katika biashara hiyo mpaka Aprili 1872, kimbunga kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa za Pemba.

Hapa siwezi kuusifu ufundi nikanyamaza juu ya mikono iliyoufanya. Vilima vingi vilifyekwa, na mashimo mengi yakachimbwa, na watu waliotumwa bila hiari. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka Aprili 1897, wakati mikarafuu ya kutosha ilikwisha kuwa mikubwa. Aliyejua kwamba hapa pana mwamba chini, kwamba pale maji hutokeza wiki mbili baada ya mvua, kwamba huku jua la alasiri huunguza miche, mara nyingi hakuwa yule ambaye jina lake liliandikwa kwenye hati ya shamba. Wenyeji nao walipanda kwa makubaliano: mwenye ardhi anatoa ardhi, mpandaji anafyeka, anapanda, anatunza, kisha miti inagawanywa. Ndiyo maana Pemba mti unaweza kuwa wangu na ardhi ikawa yako, na watu wakaishi hivyo kwa vizazi wakigombana kwa adabu. Na ndiyo maana mashamba yetu ni vipande vidogo vilivyoingiliana. Vilima vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuyakata kabla ya sheria na mirathi kuyakata tena, na kabla ya eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Kuna mzee mmoja njia ya kwenda Vitongoji, jina lake halina haja hapa, ambaye hupanga shamba lake mvuani. Wengine wanapokimbilia barazani, yeye huchukua jani la mgomba la kujifunika kichwani, fimbo za mti wowote uliokuwa karibu, na panga. Anapanda mteremko polepole akitazama chini. Maji ya mvua kubwa hayashuki sawasawa kilima kizima. Hujikusanya kwenye vijia ambavyo ukija kiangazi huvioni, maana nyasi zimeviziba. Kila anapoviona, huchomeka fimbo. Mvua ikikatika, mteremko umejaa fimbo, na mzee amelowa chapa. Baina ya fimbo na fimbo ndipo mikarafuu itakapokaa.

Nilimwonyesha nafasi moja iliyoonekana nzuri, wazi, yenye udongo mweusi.

“Baba, hapa mbona umeparuka?”

“Hapo? Hapo panapita maji, mwanangu. Uupande hapo leo, masika ya pili ukautafute kwenye mpunga wa watu.”

Udongo mweusi ulionivutia ulikuwa umeletwa na maji yale yale, na yangeuondoa vile vile. Kwenye vijia hivyo yeye hutupa vitu vya kuzubaisha maji: makumbi ya nazi, vigogo vya mgomba vilivyolazwa kukingama, majani makavu. Havizuii, vinachelewesha tu. Maji yakichelewa huacha udongo wake njiani, na baada ya misimu kadhaa kijia kinakuwa na vituo vidogo vya udongo mzuri ambavyo havikuwepo. Hapo hupandwa mgomba, ambao maji hauyaogopi na ukiangushwa haumtii mtu hasara. Mkarafuu hausogezwi hapo kamwe.

Shimo lenyewe lina adabu zake. Miche huwa imetoka kwenye mapeta, zile karafuu zilizoachwa mtini zikaiva mpaka zikawa tunda la zambarau. Mbegu yake haiwekiki. Ukichelewa siku chache imekufa, kwa hiyo inakwenda kitaluni ingali mbichi, chini ya kivuli. Mche ukitimia kiasi cha mwaka mmoja au zaidi, na masika yakianza kweli (mvua moja ya kuzuga haihesabiwi), unahamishwa. Udongo wa juu wa shimo huwekwa upande wa juu wa mteremko na ule wa ndani upande wa chini. Wa juu, wenye rutuba, ndio unaorudi kwanza kuizunguka mizizi. Ule wa ndani, mwekundu na mgumu, hujengwa kingo ndogo ya nusu duara upande wa bondeni. Kingo hii ina kazi mbili zinazopingana. Januari na Februari, jua linapokausha kila kitu, inatakiwa ishike umande na kila tone linalopita. Mvua kubwa zikija, inatakiwa isishike kitu. Mzee analimaliza suala hilo kwa kisigino: masika anaibomoa kidogo ubavuni, maji yanatoka; yakipita, anaiziba kwa udongo ule ule na kuukanyaga. Mamia ya kingo, kisigino kimoja.

Kisha kivuli. Mche mchanga hauliwezi jua kali, na jua la alasiri kwenye mteremko wa magharibi ni kali kuliko la upande wa pili. Kwa hiyo makuti mawili matatu huchomekwa upande huo tu, yakiinamia mche, na upande wa asubuhi huachwa wazi. Baadaye mgomba uliopandwa jirani kwa makusudi huchukua kazi ya makuti, na mkarafuu ukikua mgomba hufa kwa kunyimwa jua, kama ilivyokusudiwa. Kutoka hapo ni miaka sita, saba, nane ya kungoja kabla ya karafuu za kwanza za maana. Mpandaji mwenye umri wa mzee yule anajua hesabu hiyo vizuri. Sikumsikia akiitaja.

Kileleni, ardhi inaamua jambo jingine. Karafuu zilizochumwa na kuchambuliwa makonyo yake hutandazwa kwenye majamvi, na hukauka kwa siku kadhaa ikiwa jua halina hila. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini kiambo kimekaa juu ingawa kisima kiko chini na kila ndoo imepandishwa kwa kichwa: kilele hupata jua mapema, hulipoteza kwa kuchelewa, na upepo wa kusi hupita bila kuzuiwa na miti. Bondeni karafuu hiyo hiyo ingevunda, ikageuka nyeupe, ikashushwa daraja kwenye kituo cha kuuzia. Mama wa nyumba huchukua moja, huivunja baina ya vidole na kusikiliza. Ikikatika kwa mlio imekauka. Ikipinda, irudi jamvini. Ubora huo umelipiwa kwa miguu, kwa kuwa waliopandisha maji aghalabu walikuwa wanawake na watoto, na jambo hilo wapangaji wa shamba wa zamani hawakulipa uzito. Bomba lilipofika, walioshangilia zaidi walijulikana.

Karibu na nyumba ndiyo sehemu pekee ambayo mtu wa Shiraz angeiita bustani bila kusita: asumini, mrehani, mkilua, pengine mlangilangi uliorefuka kupita paa. Hata hapa mpango ni wa upepo. Vya harufu hupandwa upande ambao upepo wa jioni utaingia navyo ndani, na asumini hukaa mahali mkono unapofika, maana huchumwa jioni kwa kikuba. Sina mengi ya kusema juu yake ila kwamba imepangwa na watu wanaolala mle ndani.

Nina malalamiko. Miaka hii miche ya mikarafuu imekuwa ikigawiwa bure na serikali, jambo jema sana, maana miti mingi ya zamani imezeeka na mingine imekufa au kukatwa kuni. Lakini nimeona mashamba mapya yaliyopandwa kwa kamba, safu nyoofu kutoka juu hadi chini, kwa sababu mtu alionyeshwa shamba la namna hiyo mahali tambarare na likampendeza. Safu inayoshuka mteremkoni ni mfereji. Mvua ya kwanza kubwa huifuata, kwa utiifu ule ule ambao maji ya Mahan yanaufuata mfereji wa mfalme, tofauti ikiwa kwamba kule maji yanatakiwa yafike chini na hapa tunataka udongo ubaki juu. Ukitaka kujua shamba la nani limepandwa hivyo, angalia maji yanayoingia kwenye mpunga baada ya mvua. Shamba la mzee hutoa maji ya rangi ya chai ya rangi. La jirani hutoa maji mekundu, mazito, na mwenye mpunga analalamika kwamba kitalu chake kimefukiwa.

Ukiendelea mashariki, vilima vinalegea na mikarafuu inapungua. Vitongoji iko huko, na ardhi yake inabadilika chini ya miguu yako: udongo unakuwa mwembamba, jiwe linaanza kuchungulia, mpaka ukikaribia bahari ni maweni matupu yenye vichaka, mibuyu, na vighuba vidogo vya mchanga. Kusini kidogo mwa pwani hiyo kuna Pujini, magofu ya ngome ya mtawala Mkama Ndume ambayo wanaakiolojia huiweka katika karne ya 15. Watu husimulia kwamba alikuwa na wake wawili wenye wivu, akakigawa kisima kwa ukuta ili wasikutane. Mimi kinachonivutia ni kwamba kisima chenyewe kina ngazi za kuteremka. Kwenye ardhi ya mawe maji hayako juu ya uso; anayeyataka ashuke.

Wapo wanaodhani ufundi wa kupanga shamba unakwisha pale mikarafuu inapokwisha. Mimi naona ndipo unapokuwa mgumu zaidi. Kwenye maweni hakuna mteremko wa kukuongoza wala tabaka la kukulisha. Kuna mwamba wenye mashimo, na ndani ya mashimo kuna udongo uliojikusanya kidogo kidogo kwa majani yaliyooza, mashimo mengine makubwa kama sufuria ya harusini, mengine hayatoshi kiganja. Nilimkuta bibi mmoja akifungua konde huko baada ya kufyeka na kuchoma kichaka. Alikuwa na mtaimbo. Alikuwa akiuchomeka ndani ya kila shimo na kusikiliza, akitoka hili anaingia lile bila kusema.

“Unasikiliza nini, bibi?”

“Kina. Ukilia mapema, hapo kunde. Ukizama, muhogo.”

Mtaimbo ukizama vizuri sana, aliweka kijiti kwa ajili ya mpapai. Mashimo yenye jiwe karibu na uso aliyapa kunde, na choroko zikaenda kwenye nyufa nyembamba ambazo mimi nisingezihesabu kuwa ni mahali. Mawe yaliyolegea aliyang'oa, akayapanga pembeni kuwa ukuta mfupi. Hakuna shimo lililokaa sambamba na jingine. Umbali baina ya muhogo na muhogo uliamuliwa na jiwe zamani kabla ya bibi kuzaliwa. Ukiliangalia konde lile kutoka pembeni huoni kitu isipokuwa mawe meusi kwa moto na vijiti vya muhogo vilivyosimama ovyo. Mvua za masika zikanyesha, na kila kijiti kikachipua, maana hapakuwa na hata kimoja kilichowekwa mahali pasipofaa.

Konde la maweni halilimwi mfululizo. Baada ya misimu miwili mitatu udongo huchoka na bibi huhamia kwingine, kichaka kikarudi, mibungo na mikwaju ikaota. Atakayelifyeka tena baada ya miaka, awe mjukuu wake au mtu mwingine, atapita na mtaimbo wake mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemwachia ramani, na atapanda muhogo kwenye mashimo yale yale. Ukuta mfupi wa mawe atauongeza safu moja, kwa ajili ya ng'ombe wa jirani.